Mpango wa mji wa miaka 20: tulinde nini kwanza, na ardhi ya barabara ilipiwe vipi?

Diwani_Mipango aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni diwani katika muhula wangu wa kwanza, na nimepangwa kwenye kamati ya mipango miji. Baraza letu linatarajiwa kupitisha mpango kabambe wa miaka 20 kwa ajili ya eneo la pembezoni ambalo bado lina mashamba mengi kuliko nyumba, ingawa wenye mashamba wameshaanza kuyakata vipande na kuyauza kwa kasi. Rasimu tuliyoletewa na washauri ni kubwa na inapendeza machoni. Kila kipande cha ardhi kimepakwa rangi yake, huku viwanda, kule makazi ya msongamano mdogo, kwingine biashara, na kwenye viambatisho kuna orodha ndefu ya miradi.

Kinachonisumbua ni kwamba mpango uliotangulia nao ulikuwa na rangi zake zote, na leo ukiifungua ramani ile huwezi kuulinganisha na mji uliojengwa. Sitaki kupiga kura ya kupitisha kabrasha jingine la kuwekwa kabatini. Fedha tulizonazo hazitoshi kulipa fidia ya barabara zote zilizochorwa, achilia mbali kuzijenga. Naomba wenye uzoefu mnieleze: ikiwa tunaweza kutekeleza sehemu ndogo tu ya mpango huu, ni sehemu gani tuishikilie kwa nguvu zetu zote? Na je, kuna njia ya haki ya kupata ardhi ya barabara bila kuilipia yote kwa fedha taslimu?

Mpangamiji_Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa, ni vyema umeuliza kabla ya kura. Ushauri wangu wa msingi ni huu: tenganisheni ndani ya rasimu yale yatakayokuwa mali ya umma kisheria na yale yatakayotegemea utii wa wamiliki na uimara wa maofisa wa vibali kwa miaka yote 20. Kundi la kwanza ni njia, mitaro, viwanja vya shule, masoko na maeneo ya wazi. Kundi la pili ni karibu rangi zote zilizobaki. Nguvu zenu ziende kwenye kundi la kwanza.

Barcelona inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mji wowote ninaoufahamu. Kuta za mji zilianza kubomolewa mwaka 1854, na mwaka 1859 mhandisi Ildefons Cerdà aliandaa mpango wa kuupanua mji kwenye uwanda uliokuwa nje ya kuta hizo. Alichora mitaa ya kawaida yenye upana wa mita 20 na vitalu vya mraba vyenye takriban mita 113 kila upande, pembe zake zikiwa zimekatwa ili makutano ya mitaa yawe mapana. Ndani ya kila kitalu alitaka majengo yasimame pande mbili tu, na nafasi iliyo katikati ibaki kuwa bustani. Mitaa ile ipo hadi leo kama ilivyochorwa, na imepitisha farasi, tramu na magari bila kulazimika kubomoa nyumba ili kuipanua. Bustani karibu zote zilitoweka. Wamiliki walijenga pande zote nne, wakaongeza ghorofa, kisha wakaziba na katikati, na kanuni za ujenzi zikawa zinalegezwa hatua kwa hatua kuwafuata. Mtaa ulikuwa wa umma, bustani ilikuwa ndani ya kiwanja cha mtu. Aliyebuni vyote viwili ni mmoja, na ubora wa wazo lake haukupungua upande wa bustani, lakini bustani zilimtegemea kila mmiliki ajizuie kila mwaka kwa miongo mingi.

New York inafundisha jambo la pili, nalo ni kuweka alama ardhini mapema. Mwaka 1807 bunge la jimbo liliteua tume ya watu watatu, nayo ikatoa mpango wake mwaka 1811, wakati mji ulikuwa na watu wasiofika 100,000 waliojibana kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Tume ilichora mitaa hadi mtaa wa 155, mbali kabisa ndani ya mashamba, ambapo barabara kuu zilikuwa na upana wa futi 100, yaani mita 30 hivi, na mitaa ya kawaida futi 60. Mpimaji wao, John Randel, aliendelea kwa miaka kadhaa kuweka alama za marumaru kwenye makutano, na penye mwamba akapigilia vyuma. Wamiliki walimshtaki kwa kuingia mashambani mwao na kukata miti. Lakini alama zikishakuwapo, kila aliyeuza kipande alikiuza huku pande zote mbili zikijua mtaa utapita wapi, hata kama mtaa wenyewe ungefunguliwa miaka 40 baadaye. Hapo ndipo palipo na unafuu mkubwa wa fedha: halmashauri haihitaji kujenga barabara sasa, inahitaji tu kuhakikisha hakuna anayejenga juu yake.

Tume hiyo hiyo haikutenga bustani kubwa, ikiamini kwamba mito inayokizunguka kisiwa ingetosha kuleta hewa safi. Sheria ya kutwaa ardhi ya Central Park ilipitishwa mwaka 1853, na kufikia wakati huo watu wapatao 1,600 walikuwa wakiishi ndani ya eneo lile, wakiwamo wakazi wa Seneca Village, jamii ambayo wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi na baadhi yao walimiliki viwanja vyao. Wote waliondolewa. Bustani ile inapendwa na dunia nzima, lakini kuchelewa kuitenga kulilipiwa na watu waliokuwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kujitetea. Kila eneo la wazi mnaloahirisha leo litakuja kuwa na familia ndani yake.

Kwa kiwango cha vitendo, Shlomo Angel wa Chuo Kikuu cha New York amekuwa akizishauri halmashauri za miji inayopanuka haraka zianze na barabara kuu zenye upana wa mita 25 hadi 30, zilizoachana kwa takriban kilomita moja, zikilifunika eneo lote ambalo mji utalifikia. Shirika la UN-Habitat nalo limependekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya eneo jipya la makazi iwe ya njia. Pima rasimu yenu kwa vipimo hivyo viwili. Ikiwa washauri wamechora rangi 12 na barabara tatu, warudisheni ofisini.

Mthamini_Ardhi alijibu:

Nakubaliana na Mzee Mpangamiji kuhusu nini kilindwe, kwa hiyo nitajikita kwenye malipo, ambako mipango mingi mizuri hufia.

Barabara ikipita, ardhi iliyo pembeni yake hupanda thamani. Swali la fedha ni nani anachukua ongezeko hilo. Georges-Eugène Haussmann, aliyesimamia Paris kuanzia mwaka 1853 hadi mapema mwaka 1870, mwanzoni aliweza kutwaa viwanja vizima vilivyopitiwa na barabara mpya, kisha mji ukauza vipande vilivyobaki pembezoni kwa bei mpya iliyoletwa na barabara yenyewe. Mwaka 1858 Baraza la Dola la Ufaransa (Conseil d'État), ambalo ndilo mahakama ya juu ya masuala ya kiutawala, liliamua kwamba vipande visivyohitajika kwa barabara virudishwe kwa wamiliki wa awali. Tangu hapo mmiliki alilipwa fidia na akabaki na ongezeko la thamani, ilhali mji ukabaki na deni. Deni hilo lilikua mpaka likawa miongoni mwa sababu za kuondolewa kwake. Funzo kwa baraza lenu ni kwamba mkilipa fidia kamili kwa fedha taslimu, kisha mkaliacha ongezeko lote mikononi mwa waliobaki kando ya barabara, mtakuwa mmewalipa wamiliki wale wale mara mbili, na barabara ya pili hamtaifikia.

Njia iliyo ya haki zaidi, kwa maoni yangu, ni kuunganisha ardhi na kuigawa upya. Franz Adickes, meya wa Frankfurt, ndiye aliyeipigania hadi ikapata sheria yake kwa mji huo mwaka 1902. Japani iliitumia kwa upana sana, hasa kuijenga upya Tokyo baada ya tetemeko la mwaka 1923, na jimbo la Gujarat nchini India linaendelea kuitumia katika utaratibu unaotokana na sheria ya Bombay ya mwaka 1915. Wamiliki wa eneo moja huchanganya mashamba yao kwenye ramani moja, barabara na maeneo ya umma hukatwa humo, kisha kila mmoja hurudishiwa kiwanja kidogo kuliko alichotoa, kilichonyooka, chenye njia na hati. Sehemu nyingine ya ardhi iliyochangwa huuzwa ili kulipia mitaro, maji na ujenzi wa barabara.

Hesabu yake lazima ionyeshwe waziwazi kwa wananchi, la sivyo watadhani wanaporwa. Mwenye meta za mraba 10,000 akirudishiwa 6,000, amepoteza asilimia 40 ya eneo. Ili asipoteze thamani, bei ya kila meta ya mraba inapaswa kupanda kwa angalau theluthi mbili. Kwenye shamba lisilofikika kwa gari, kupanda huko si jambo gumu. Kwenye eneo ambalo tayari lina barabara nzuri na nyumba zilizokamilika ni vigumu sana, na ndiyo maana utaratibu huu ufanywe sasa, wakati bado kuna mashamba. Nchini Japani, wamiliki wanaounda chama cha kuendesha mradi wa namna hii wanahitaji ridhaa ya theluthi mbili ya wamiliki, ambao pia wawe na theluthi mbili ya eneo. Sharti hilo la pande mbili linanipendeza kwa sababu wamiliki wakubwa wachache hawawezi kuwaburuza wadogo, na wadogo wengi hawawezi kuwakandamiza wakubwa.

Mhandisi_Maji alijibu:

Naomba niongeze pingamizi, si dhidi ya wazo bali dhidi ya mpangilio wake. Hawa ndugu wawili wameanza na barabara. Mimi ningeanza na maji.

Mpango huo wa New York uliosifiwa hapo juu ulipitisha mistari yake juu ya vijito, vinamasi na vilima kana kwamba kisiwa ni meza. Vijito vilifukiwa au kuingizwa kwenye mabomba, lakini maji yaliendelea kutafuta njia yake. Mwaka 1865 mhandisi Egbert Viele alichapisha ramani ya mikondo ya asili ya Manhattan, na mpaka zama hizi wajenzi wa majengo makubwa huitazama kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu mikondo hiyo ingali inajitokeza chini ya majengo. Seoul ilikwenda mbali zaidi: mto Cheonggyecheon ulifunikwa kwa saruji na juu yake ikajengwa barabara ya kupita angani. Kati ya mwaka 2003 na 2005 mji ulilazimika kuibomoa barabara hiyo na kuufungua mto kwa urefu wa takriban kilomita 6.

Mheshimiwa, muulize mshauri wenu kama ana ramani ya miinuko ya eneo lote, na kama mistari ya barabara ilichorwa baada ya ramani hiyo au kabla yake. Mabonde na njia za mafuriko ziwe za kwanza kuwekewa mipaka kama mali ya umma, zikifuatiwa na barabara ambazo miteremko yake inaruhusu mitaro na mabomba ya maji taka kwenda kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Bomba linalopaswa kusukumwa kwa pampu ni gharama ya kila siku kwa maisha yote ya mji, na halmashauri yenye bajeti finyu huanza kuikata gharama hiyo mapema. Bonde lisilotengwa halibaki tupu. Kwa kuwa wenye uwezo hulikwepa, bei yake hushuka, na familia zinazotafuta bei hiyo ndizo zinazohamia humo. Kisha mvua kubwa inanyesha, na serikali inakuja kuwaita wavamizi watu waliouziwa ardhi hiyo mchana kweupe.

Diwani_Mipango aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeipitia rasimu tena kwa macho ya Mhandisi, na ni kweli barabara mbili kuu zimechorwa ndani ya bonde kwa kuwa ardhi ya huko ndiyo rahisi. Hilo nitalipeleka kwenye kamati.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, katika eneo letu kuna watu waliokwisha kununua vipande vidogo mno na kuanza kujenga. Mtu wa namna hii akikatwa asilimia 40 habaki na kiwanja cha kujenga, na pia kuna wapangaji ambao hawamo kwenye daftari lolote la wamiliki. Haki yao iko wapi katika utaratibu wa Mthamini? Pili, nani anaulinda mpango huu baada yetu? Baraza lijalo linaweza kuamua kwa kikao kimoja kumkatia mtu kiwanja katikati ya hifadhi ya barabara.

Mthamini_Ardhi alijibu:

Kuhusu wenye vipande vidogo, usikubali asilimia moja kwa wote. Sheria ya Japani inaruhusu viwanja vidogo kupita kiasi vishughulikiwe tofauti, na akili ya kawaida nayo inaelekeza huko. Wekeni kiwango cha chini cha kiwanja ambacho chini yake mtu hakatwi kitu, bali anasogezwa tu ili mstari unyooke, na kama amenufaika na barabara, mchango wake utozwe kwa fedha kidogo kidogo kwa miaka mingi. New York nayo iligharimia sehemu kubwa ya ufunguaji wa mitaa yake kwa kuwatoza wamiliki waliopakana nayo. Pengo linalobaki lizibwe na mashamba makubwa, ambayo ndiyo yanayonufaika zaidi. Nyumba zilizokwisha kujengwa zizungukwe kadiri inavyowezekana. Mtaa wenye kona ni bora kuliko familia iliyobomolewa ili ramani ipendeze.

Kuhusu wapangaji nitasema wazi kwamba utaratibu huu hauwalindi. Umebuniwa kugawa thamani kati ya wamiliki, na thamani ikipanda kodi ya nyumba nayo hupanda. Sehemu ya ardhi itakayochangwa iwe ya halmashauri moja kwa moja kwa ajili ya nyumba za kupanga za bei nafuu, na iandikwe hivyo kwenye uamuzi wa baraza, isiachwe chini ya jina la jumla la matumizi ya jamii. Likiachwa jina hilo, ndiyo ardhi ya kwanza kuuzwa mwaka ambao mapato yatashuka.

Katibu_wa_Vikao alijibu:

Nijibu lile la pili, kwa kuwa nimehudumu upande wa utawala.

Tatizo la kwanza huwa ni mamlaka yaliyogawanyika. London ya katikati ya karne ya 19 iliendeshwa na mabaraza mengi ya parokia, huku mto Thames ukipokea kinyesi cha mji mzima. Bodi ya Kazi za Jiji iliundwa mwaka 1855, na mhandisi wake Joseph Bazalgette akawasilisha mipango ya mabomba makuu ya maji taka, lakini ofisi ya serikali iliyokuwa na haki ya kuikataa iliirudisha tena na tena. Ni baada ya uvundo wa kiangazi cha mwaka 1858 kufika kwenye kumbi za Bunge ndipo sheria ilipobadilishwa. Bodi ilipewa uwezo wa kukopa pauni milioni 3, na kizuizi cha ile ofisi kikaondolewa. Mipango na mhandisi vilikuwapo tangu awali. Kilichokosekana ni chombo kimoja chenye fedha na kauli ya mwisho. Angalieni, basi, ni ofisi ngapi zinaweza kusimamisha au kubadili barabara zenu, na zipunguzeni.

Tatizo la pili ni mabaraza kubadilika. Curitiba nchini Brazili ilianzisha taasisi yake ya utafiti na mipango miji, IPPUC, mwaka 1965. Taasisi hiyo imeendelea kuwapo mameya wakija na kuondoka, na ndiyo iliyoibeba mihimili ya barabara ambayo mabasi yake ya njia maalumu yalianza kupita mwaka 1974. Ofisi yenu inaweza kuwa ndogo mno, ya watu watano hata, mradi kumbukumbu na ramani zisihame na mkurugenzi.

Lakini kinga iliyo karibu nanyi zaidi ni ya kisheria. Mkishapitisha mpango, kila kipande cha hifadhi ya barabara, bonde na eneo la wazi kipimwe, kiwekewe bikoni na kusajiliwa kwa jina la halmashauri kwenye masjala ya ardhi, kikiwa na namba yake kama kiwanja kingine chochote. Hifadhi iliyochorwa tu kwenye ramani inaweza kufutwa kwa muhtasari wa kikao, wakati iliyosajiliwa inahitaji utaratibu wa uhamisho, ambao huacha maandishi na majina ya waliosaini. Tungeni pia sheria ndogo inayodai kura ya theluthi mbili ya madiwani, pamoja na mkutano wa hadhara katika kata husika, kabla ya kipande chochote kati ya hivyo kubadilishwa matumizi, ikiwa sheria mama inawaruhusu. Mwanasheria wenu alithibitishe hilo kwanza. Upimaji wenyewe utengewe kifungu chake kwenye bajeti ya mwaka huu, kwa sababu mradi usio na kifungu katika mwaka wake wa kwanza ni nadra kukipata katika mwaka wa pili.

Diwani_Mipango aliandika:

Nimeelewa. Nitaomba kamati iahirishe kura kwa kikao kimoja, washauri wahamishe barabara zile mbili kutoka bondeni, na mpimaji atuletee makadirio ya kuweka bikoni kwenye barabara kuu na mabonde pekee. Orodha ya miradi kwenye viambatisho nitapendekeza iondolewe ijadiliwe kwenye bajeti za kila mwaka. Mthamini, ikiwa utakuwa tayari, ningependa kukuuliza zaidi kuhusu kiwango cha chini cha kiwanja pindi takwimu za wamiliki zitakapokuwa mezani.